Tusiwafute wazee kwenye listi ya koperative



Kila mwaka, mbele ya Mukutano Mukubwa, komite zetu zinafungua daftari na kuhesabu: nani alileta kahawa, nani alileta maharagi, nani alilipa muchango, nani hakuonekana. Hiyo ni kazi ya lazima. Lakini siku hizi, katika koperative zaidi ya moja, ninasikia wazo hili: «Wale wazee wenye hawalete tena kilo, tuwatoe kwenye listi. Wanajaza daftari bure. Nafasi yao tuwapatie vijana.»

Wenye kusema vile si watu wabaya. Wanataka koperative itembee, na wanajua kama munuzi wa kahawa haulize umri, anauliza kilo. Hata hivyo, mimi ninaona kwamba tukifanya vile tutapoteza zaidi kuliko tutakavyopata. Ili musifikiri ninasema maneno ya juu-juu tu, nitatoa mufano wa mutu mwenye nilimujua karibu: koko wangu, mama ya mama yangu, mwenye alilima katika milima ya Kalehe mpaka alipopita miaka 80.

Kazi yake haikuisha, ilibadilika

Hakuna mutu aliandika siku ambayo koko alizaliwa. Tunajua tu kwamba wakati wa uhuru, mwaka wa 1960, alikuwa tayari na watoto wawili. Alikufa mwaka wa 2022. Katikati ya ile miaka yote, sikumbuki saizoni hata moja yenye ilipita bila yeye kuwa na mukono wake ndani.

Lakini mutu asielewe vibaya. Hakushika jembe namna moja maisha yake yote. Alipofika miaka kama 60 na kidogo, bado alikuwa anapanda mulima na kikapo mugongoni. Alipofika 70, aliwaachia binti zake shamba ya juu, akabakia na kipande ya nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Nyuma ya 75, magoti yalikataa, na akaanza kutumika akiwa amekaa. Tulipomwambia, «Koko, pumzika basi,» alijibu: «Macho yamechoka, lakini vidole bado vinaona.» Na ilikuwa kweli. Alikuwa anapitisha maharagi mukononi, moja kwa moja, na kidole chake kilijua yenye kutobolewa na vidudu, yenye kukunjamana, yenye kuwa nyepesi. Zote hizo zilienda kwenye chungu ya kupika. Zenye kujaa na zenye ngozi laini zilibakia kuwa mbegu.

Kazi ya mbegu njo ilikuwa kazi yake kubwa ya uzee. Kwake haikuanza siku ya kuvuna. Ilianza wakati maharagi bado iko shambani. Alikuwa anatembea polepole na fimbo yake, anafunga kakamba ka ukindu wa mugomba kwenye miti yenye ilikuwa na afya: yenye majani hayana madoa, yenye kuzaa vizuri. Siku ya kuvuna, ile yenye kamba ilivunwa peke yake, ikaanikwa peke yake. Kisha aliichanganya na majivu makavu ya moto, yenye yalichekechwa, na kuijaza mpaka juu kabisa katika bido yenye kufunga vizuri. Majivu yanakausha, tena yanajaza nafasi katikati ya mbegu, kidudu kinakosa njia ya kupita. Leo agronomu wanafundisha vilevile.

Juma mbili mbele ya kupanda, alikuwa anahesabu mbegu 20, anazifunga ndani ya kitambaa chenye maji kidogo, na kukiweka karibu na jiko. Nyuma ya siku sita ao saba anafungua. Kama 16 zimeota, mbegu ni nzuri. Kama ni chini ya pale, alisema tutafute ingine, ao tuongeze mbegu katika kila shimo. Agronomu wanasema mbegu 80 kwa 100 zinapaswa kuota. Kwa mbegu 20, hiyo njo ile 16 ya koko, na yeye hakusoma hata mwaka mumoja wa masomo.

Mwaka wenye mizani haikuona kitu

Mwaka mumoja, projeti fulani ilikuja kuandika watu wenye watapata mbegu ya maharagi. Wenye kuandika walifika kwetu, wakamuona koko amekaa kwenye kirago, wakamuruka. Mumoja wao alimwambia kwa heshima: «Koko, hii ni ya watu wenye nguvu.» Koko hakubishana nao. Alicheka tu.

Ile saizoni A, mvua ilianza kati-kati ya mwezi wa tisa kama kawaida. Mbegu ya projeti ilifika wakati mwezi wa kumi ulikuwa karibu kuisha. Kila mukulima wa kwetu anajua maana ya hiyo: ukipanda maharagi kwa kuchelewa vile, maua inakutana na mvua kubwa, na magonjwa ya majani inafuata. Sasa majirani walifanya nini? Walikuja kwa ule muzee mwenye hakuwa kwenye listi. Nyumba saba zilipanda kwa wakati na mbegu yenye ilitoka katika bido za koko. Masharti yake yalikuwa mepesi: unatwaa kopo moja, wakati wa mavuno unarudisha kopo moja na nusu. Hakuandika kitu. Alikumbuka wote, na wote walirudisha, isipokuwa mama mumoja mwenye shamba yake ilichukuliwa na maji. Huyo, koko alimwambia alete mwaka wenye kufuata.

Sasa ninauliza komite zetu: ile saizoni, mizani ya depo ingeandika nini mbele ya jina la koko wangu? Ingeandika zero. Hakuleta hata kilo moja. Lakini kilo za zile nyumba saba zilitoka wapi? Mizani inapima kile chenye kimefika depo. Haipime kile chenye kilifanya kifike.

Kuko jambo lingine lenye komite nyingi hazitazame. Muzee akikosa nguvu ya kubeba, mujukuu njo anabeba kahawa yake mpaka kwenye stasioni ya kuoshea. Anapofika, mwenye kupima anauliza: «Jina lako?» Mujukuu anasema jina lake mwenyewe. Mwisho wa mwaka, daftari inaonyesha kwamba mujukuu ni mwanamemba hodari, na muzee ni mutu mwenye kulala. Lakini kahawa ni ya miti ya muzee, yenye alipanda na kukata matawi yake miaka 30. Mbele ya kufuta jina, tuulize kwanza hizo kilo zilipitia kwa jina la nani.

«Wazee wanakataa mambo mapya»

Hili ni neno lenye ninasikia sana, na si kweli kwa wote. Ule ugonjwa wa migomba wenye agronomu wanaita wiliti ya Xanthomonas, na wenye wengine kwetu wanaita kirabiranya, ulionekana Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ukashuka polepole mpaka kwetu. Majani yanageuka manjano na kukauka, ndizi inaiva mbele ya wakati, na ukikata muti unaona maji mazito ya manjano yanatoka. Watu wengi walisema ni uchawi, ao ni jirani mwenye wivu.

Koko alikuwa tayari amepita miaka 70 wakati animateri alikuja kueleza kwamba ugonjwa unapita njia mbili kubwa: wadudu wenye wanatua kwenye ua dume la mugomba, na mupanga yenye inatoka kwenye mugomba mugonjwa kwenda kwenye muzima. Tangu siku ile, koko alikata kijiti chenye pembe mbili, na kila mara kichana cha mwisho kilipotokea, alivunja ua dume kwa kile kijiti, bila kutumia mupanga. Tena aliacha kuazima watu mupanga yake. Kwa mwanamuke wa kijiji hilo si jambo jepesi, juu kukatalia jirani mupanga ni kama kumukatalia chumvi. Alieleza kila mutu sababu, na mwenye alitaka kabisa mupanga alipaswa kuipitisha kwenye moto mbele yake. Vijana wa kwetu walichelewa kumufuata. Kwa hiyo, kama muzee anakataa jambo, tuulize kwanza kama kuko mutu alikaa chini na kumueleza sababu yake.

Wazee wanajua pia sababu yenye mambo mengine yalikataliwa. Tunashangaa juu ya nini watu wa milima yetu hawapende kuchimba mifereji ya kuzuia mumomonyoko. Koko alinieleza. Katika miaka ya 1950, alipokuwa musichana mudogo, wakubwa wa koloni walilazimisha watu kuchimba ile mifereji kwenye milima ya Kivu, na mutu mwenye alikataa alilipishwa ao alifungwa. Baba yake alichimba, na yeye alimupelekea chakula kule juu. Uhuru ulipokuja, watu waliacha mifereji ijae udongo, na wengine waliifukia kwa furaha, kama vile mutu anavunja mulango wa jela. «Mufereji haukuwa mubaya,» alisema koko. «Fimbo njo ilikuwa mbaya. Lakini watu walitupa vyote viwili.»

Ile maneno ilinifundisha zaidi kuliko formasio nyingi. Ukienda leo kwenye mulima na kusema «chimbeni mifereji» bila kujua hadisi ile, utakutana na watu wenye wanakubali kwa kichwa na hawarudi kesho yake. Na sisi wa Kalehe tunajua bei ya udongo wenye haushikwe. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, maji na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Sisemi kwamba mifereji ingezuia mvua ya namna ile. Ilikuwa mvua kubwa sana. Ninasema tu kwamba mulima unatuomba tuujue, na wenye wameuona miaka 70 wangali wanaishi katikati yetu, kwa muda mufupi. Kuishi kwingi ni kuona mengi, wakubwa walisema. Lakini mwenye kuona mengi, kama hakuna mwenye kumuuliza, anakwenda nayo kaburini.

Tusidanganyane pia

Kuko watu wenye watasoma maneno haya na kusema: muzuri, basi wazee waendelee kulima mpaka kufa. Apana. Sitaki kusifu taabu. Koko wangu alitumika mpaka mwisho juu alipenda kazi, ndiyo, lakini pia juu mukulima wa kijiji hana pansio. Watoto wake wawili wanaume walienda kwenye machimbo na mumoja hakurudi. Kuko miaka yenye alishika jembe na mugongo wenye kuuma, kwa sababu asipolima, wajukuu hawakule. Ile haikuwa furaha ya uzee. Koperative yenye kumuona muzee wa miaka 78 anapanda mulima na mufuko wa kahawa kichwani, na yenye kupiga mikono kwa kumusifu, inapaswa kujiuliza juu ya nini hakuna kijana wa kumubebea.

Kuko pia upande mwingine. Wote tunajua koperative yenye muzee mumoja anashika kiti cha prezidenti, muhuri na funguo ya depo, miaka na miaka, na hakuna mutu anaweza kumuuliza hesabu juu ni muzee. Hiyo pia inaharibu. Vijana wanachoka na kuuza kahawa yao usiku ngambo ya ziwa, ao wanaacha shamba na kwenda kwenye machimbo. Heshima kwa muzee si kumuachia muhuri. Koko hakuwa prezidenti wa kitu chochote, lakini watu walipanga mustari mbele ya mulango wake mwezi wa tisa. Kiti ni kitu kimoja, faida kwa watu ni kitu kingine. Tunaweza kuomba muzee aachilie kiti bila kumufuta kwenye listi.

Nini tunaweza kufanya mbele ya saizoni yenye kufuata

Sheria ya koperative ya OHADA, yenye ilikubaliwa Lomé tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2010, na yenye inatumika pia katika inchi yetu tangu Kongo iliingia OHADA mwaka wa 2012, inasema kwamba kila mwanamemba ana sauti moja, hata akiwa na sehemu nyingi ao kidogo katika mutaji. Haiseme kwamba kijana ana sauti na muzee ana nusu. Kwa hiyo ninapendekeza mambo matano. Hakuna hata moja yenye inaomba feza ya muzungu.

Kwanza, komite isifute jina la mutu kwa sababu ya kilo tu bila kwenda kwake nyumbani na kumusikiliza. Musome statuti yenu pamoja katika mukutano, kwa sauti, ili kila mutu ajue inasema nini juu ya kutoa mwanamemba. Na mwenye kupima kahawa aandike majina mawili: mwenye kuleta na mwenye miti.

Pili, kila koperative yenye inalima maharagi, mahindi ao muhogo iweke komite ndogo ya mbegu: wazee watatu ao wane, na kila mumoja awe na kijana pembeni yake. Muzee anachagua, kijana anabeba na kuandika. Wote wawili walipwe kwa mbegu. Kazi ya kuchagua ni kazi, si muchezo wa kupitisha wakati.

Tatu, tuangalie kazi za kukaa. Kwenye meza za kukaushia kahawa kuko kazi ya kutoa mbegu zenye kuvunjika, zenye weusi, zenye kutobolewa. Inaomba uvumilivu kuliko nguvu. Tuweke kiti, kivuli na maji ya kunywa, tupange masaa mafupi, na tulipe kama tunavyolipa wengine. Vidole vyenye vimechagua maharagi miaka 60 havitashindwa na kahawa.

Ine, mukutano ufanyike mahali penye muzee anaweza kufika. Kama depo iko juu ya mulima, mukutano ushuke chini mara moja kwa mwaka. Sauti ya mutu mwenye hawezi kufika ni sawa na jina lenye limefutwa.

Tano, kila koperative inunue daftari moja ya kuandika hadisi ya mashamba. Kijana mwenye anajua kuandika akae na muzee, hata saa moja kwa mwezi, na kuandika: mbegu gani ilivumilia mwaka wa jua kali, mahali gani maji yalipita zamani, maharagi gani yanapenda udongo gani, ni dawa gani walijaribu na haikusaidia. Kisha daftari ile isomwe wakati wa kupanga saizoni. Makosa ya zamani yanaweza kuokoa shamba ya leo, kama yameandikwa.

Kwa upande wetu, familia ya koko, hatukuwa na daftari. Mama yangu anajua karibu nusu ya mambo yake, mimi ninajua sehemu ndogo. Kulikuwa maharagi moja yenye rangi mbili, nyeupe na mistari myekundu, yenye alipanda tu karibu na migomba, kwenye kivuli. Ilizaa pale kwenye zingine zilikataa. Mbegu tunayo bado, kopo mbili. Lakini siku yenye alikuwa anaipanda, mbele ao nyuma ya zingine, na sababu yake, hakuna mutu kati yetu mwenye anajua. Tunajaribu kila saizoni na kubahatisha.

Mara nyingine komite yenu ikifungua daftari ili kufuta majina, mwombe sekretere asome yale majina kwa sauti, moja kwa moja. Kwa kila jina, muulize: huyu mutu anajua nini chenye sisi hatujue? Kama hakuna mwenye kuweza kujibu, mutume kijana kwake kesho yake asubui, na daftari na bike. Mambo ya kilo yatazungumuzwa kisha.

Mujukuu mumoja, mwanamemba wa koperative, Kalehe